Udongo Uendao na Maji: Makorongo ya Kondoa na Chanzo Chake

Msafiri atokaye Dodoma kwenda Arusha kwa njia ya Kondoa hukuta, baada ya kuupita mji wa Kondoa na kuanza kupanda kuelekea Kolo na Bereku, nchi iliyochanwachanwa. Ardhi nyekundu imepasuliwa kwa makorongo, na baadhi yake yana kina cha kutosha kuificha nyumba nzima pamoja na paa lake. Huko bondeni mito ni mipana kuliko barabara kuu, lakini kwa sehemu kubwa ya mwaka haina maji. Ni mchanga mtupu, na watu huuvuka kwa miguu mikavu. Hapa na pale mti mkubwa umesimama juu ya mizizi yake kana kwamba umejiinua uondoke.

Kila mwaka huwauliza wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza, wengi wao wakiwa wametoka kidato cha sita miezi michache tu iliyopita, ni nini kilichoyachimba makorongo hayo. Jawabu huja kwa sauti moja: ng'ombe wengi na ukataji wa miti. Wamefundishwa hivyo, nami sisemi wamefundishwa uongo. Lakini ni jawabu la nusu, na nusu iliyobaki si jambo dogo, kwa kuwa juu ya jawabu hilo serikali ya kikoloni na baadaye serikali yetu wenyewe zilijenga sera ambazo ziliwanyang'anya watu mifugo yao. Makala haya yanakusudia kueleza, hatua kwa hatua, jinsi maji yanavyouchukua udongo, kwa nini milima ya Irangi imeathirika kuliko sehemu nyingine nyingi za nchi, na ni kiasi gani cha madhara hayo twaweza kwa haki kukiweka juu ya mwanadamu.

Tone la mvua

Tuanze na tone moja. Tone kubwa la mvua ya ngurumo lina kipenyo cha milimita tano hivi, na hufika ardhini kwa mwendo wa karibu mita 9 kwa sekunde. Likiangukia udongo ulio wazi hupasuka kama kombora dogo na kurusha punje za udongo pande zote. Mwalimu aweza kuonyesha jambo hili bila chombo chochote cha maabara: atazame tu ukuta mweupe wa darasa baada ya mvua kubwa. Madoa mekundu yaliyopanda ukutani ni udongo uliorushwa na matone.

Tone hufanya kazi ya pili isiyoonekana. Punje ndogo kabisa za udongo wa mfinyanzi, zikishachanguliwa na tone, huingia katika vitundu vya udongo na kuviziba. Baada ya dakika chache uso wa ardhi hupata ukoko mwembamba, mgumu, usiopitisha maji. Hapo mvua haina tena mahali pa kwenda ila kutiririka juu. Maji hayo kwanza huenda kama shuka nyembamba na kuchukua udongo kwa usawa, tabaka baada ya tabaka, hata mkulima asitambue. Kisha hukusanyika katika michirizi. Michirizi ikiungana katika mtelemko mrefu hupata nguvu ya kuchimba, na korongo huzaliwa. Korongo lenyewe hukua kwa kurudi nyuma: maji yanapoanguka kwenye kichwa chake huila ardhi ya chini, na ile ya juu hubomoka.

Msomaji sasa ataona kwa nini mimea ni muhimu. Watu wengi hudhani kwamba kazi yake kubwa ni mizizi kuushika udongo. Mizizi husaidia, lakini kazi kubwa zaidi hufanywa na majani pamoja na takataka zilizolala ardhini, ambazo hulipokea tone na kulivunja nguvu kabla halijaugusa udongo. Ndiyo sababu nyasi fupi zilizofunga ardhi hulinda udongo vizuri kuliko msitu wa miti mirefu uliofagiliwa chini yake. Tone lidondokalo kutoka jani lililo mita kumi juu hupata tena sehemu kubwa ya mwendo wake, na aghalabu huwa limekua zaidi kwa kukusanyika pale jani lilipochongoka. Kupanda miti peke yake, basi, si dawa, ingawa sherehe zetu za kupanda miti husema hivyo kila mwaka.

Nchi yenye mvua chache hupata taabu zaidi. Wamarekani wawili, Langbein na Schumm, walionyesha mwaka 1958 kwamba mashapo mengi zaidi hayatoki katika jangwa, ambako mvua ni haba, wala katika nchi ya mvua nyingi, ambako ardhi imefunikwa, bali katika nchi iliyo katikati: ina mvua za kutosha kuchukua udongo lakini haina mimea ya kutosha kuulinda. Takwimu zao zilikuwa za Marekani, na baadaye wanasayansi wengine walizibishia zisitumiwe ulimwenguni kote. Hata hivyo kwa nchi ya kati ya Tanzania picha yenyewe yaelekea kuwa sahihi. Kiangazi hapa huchukua miezi saba au minane. Mvua ya kwanza, mwishoni mwa Novemba au Desemba, aghalabu ni ya ngurumo na yenye nguvu, nayo huikuta ardhi ikiwa uchi kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka: mashamba yamelimwa lakini hayajaota, na nyasi zimeliwa hata mashina.

Vipimo vya Mpwapwa

Nilipokuwa ng'ambo nikisomea shahada ya udaktari, profesa wangu alifungua kitabu cha mmomonyoko wa udongo na kutuonyesha jedwali ambalo, alisema, kila mwanafunzi wa fani hii hana budi kulijua. Nilisogea nione. Juu ya jedwali paliandikwa Mpwapwa, Tanganyika. Nilikuwa nimesafiri maelfu ya kilomita kwenda kusomeshwa habari za mahali ambapo basi la kwetu hupita, na shuleni kwetu hakuna aliyepata kututajia.

Vipimo hivyo vilifanywa katika miaka ya 1930 na R. R. Staples, mtaalamu wa malisho aliyekuwa akifanya kazi Mpwapwa. Alitenga vipande vya ardhi vyenye mtelemko mdogo wa digrii tatu na nusu hivi, akavizungushia kingo, na chini ya kila kimoja akaweka chombo cha kukingia maji na udongo utokao. Kipande kimoja kilikuwa kichaka kisicholishwa mifugo. Cha pili kilikuwa nyasi. Cha tatu kililimwa nafaka. Cha nne kiliachwa uchi. Katika kichaka, ni asilimia 0.4 tu ya maji ya mvua yaliyotiririka yakaenda zake, na katika nyasi asilimia 1.9. Udongo uliopotea katika vipande hivyo viwili ulikuwa kama hakuna. Katika shamba la nafaka yalipotea maji asilimia 26, na udongo tani 78 kwa hekta moja kwa mwaka. Katika ardhi iliyo uchi, nusu nzima ya mvua, asilimia 50.4, ilikwenda zake, ikichukua tani 146 za udongo.

Tani 146 ni kitu gani? Nawashauri walimu wa hisabati walichukue swali hili. Mita moja ya ujazo ya udongo wa kawaida ina uzito wa tani 1.4 au 1.5, hivyo tani 146 ni kama mita za ujazo 100. Hekta moja ina mita za mraba 10,000. Tukigawanya 100 kwa 10,000 twapata mita 0.01, yaani sentimita moja. Sentimita moja kwa mwaka yaonekana ndogo. Hakuna mtu atakayeiona akipita. Lakini udongo wa juu wenye rutuba, ule ambao mkulima hutegemea, aghalabu hauzidi sentimita 20. Kwa mwendo huo unakwisha kabla mtoto aliyezaliwa leo hajamaliza kusoma.

Hesabu ya maji nayo inafundisha. Tuchukue mahali penye mvua ya milimita 600 kwa mwaka, kiasi kisicho mbali na kile cha sehemu nyingi za Mkoa wa Dodoma. Ardhi ya nyasi hupoteza milimita 11 hivi. Ardhi iliyo uchi hupoteza zaidi ya milimita 300. Kwa mmea, ardhi hii ya pili imepata mvua ya nchi ya nusu jangwa, ingawa kipimamvua cha shule kilicho pembeni yake kimeandika 600. Wazee wanaposema kwamba mvua siku hizi hainyeshi kama zamani, mtaalamu wa hali ya hewa aweza kutazama daftari lake na kuwabishia. Lakini ikiwa nyasi zimekwisha, wazee wana haki kwa namna yao, maana mazao hayajui ila maji yaliyozama.

Yafaa nitoe tahadhari hapa, kwa sababu tarakimu za Mpwapwa zimetumiwa vibaya mara nyingi. Kipande cha majaribio si mlima. Udongo utokao katika kipande haujafika mtoni; sehemu kubwa hutua mita chache chini yake, penye mtelemko hafifu au penye ukingo wa nyasi. Mtu akichukua tani 146 na kuzizidisha kwa hekta zote za wilaya, atapata jumla ya kutisha isiyo na maana yoyote. Hili lilidhihirika wazi wakati watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wa Chuo Kikuu cha Uppsala, wakiongozwa na Anders Rapp, walipokwenda kupima mashapo katika mabwawa ya Dodoma: Imagi, Msalatu, Matumbulu na Ikowa. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 1972. Kwa kuwa bwawa hukusanya kila kiletwacho na mto, kimo cha tope lililojaa humo ni kipimo cha eneo zima, si cha kipande. Tarakimu walizozipata zilikuwa chini kuliko zile za Staples, lakini zilitosha kuonyesha kwamba baadhi ya mabwawa yaliyojengwa kwa fedha nyingi yangejaa mashapo katika muda wa takriban kizazi kimoja tu.

Kwa nini Irangi?

Ikiwa mvua, kiangazi na mifugo vipo kote katika nchi ya kati, kwa nini milima ya Irangi ilichimbika kuliko Ugogo au Unyaturu? Hapa jiografia ya maumbile ina neno la kusema kabla hatujamgeukia mwanadamu.

Milima hii imeinuliwa na mipasuko ya ardhi iliyofuatana na Bonde la Ufa. Sehemu zake nyingi zina kimo cha zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na sehemu nyingine zakaribia mita 2,000, wakati nyanda zilizo chini yake ni mita mia kadhaa chini. Miamba yake ni ya kale sana, nayo imeoza kwa kina kirefu. Miamba ikioza namna hiyo huacha kitu laini chenye mchanga mwingi, ambacho maji huweza kukikata kama kisu kikatavyo muhogo uliochemshwa. Isitoshe, chini ya vilele kuna mitelemko mirefu ya wastani, na juu ya mitelemko hiyo yamelala mashapo mekundu ambayo yenyewe yaliletwa kutoka juu na maji ya zama zilizopita. Korongo likianza katika mashapo hayo halikuti kizuizi mpaka lifike mwambani.

Tafadhali msomaji azingatie sentensi hiyo: mashapo yaliletwa na maji ya zama zilizopita. Maana yake ni kwamba kabla ya mmomonyoko tunaouona leo palikuwa na mwingine. Ni wa lini?

Kwa muda mrefu hakuna aliyeweza kujibu. Kisha ikapatikana njia ya kupima umri wa mchanga kwa mwanga. Punje ya kwatzi ikilala gizani chini ya ardhi hukusanya nguvu kidogo kidogo kutokana na mnururisho wa asili ulio katika udongo. Punje hiyo ikiona jua, hata kwa muda mfupi, nguvu hiyo yote humtoka, na saa yake huanza upya. Kwa hiyo mtafiti akichukua mchanga gizani, asiuruhusu kuona jua, akaupeleka maabara na kuuangazia kwa mwanga maalumu, punje hutoa mng'ao hafifu. Ukubwa wa mng'ao huo hueleza ni miaka mingapi imepita tangu mchanga huo ulipofukiwa. Mswidi Mats Eriksson na wenzake waliitumia njia hii katika mashapo ya Irangi na kuchapisha matokeo mwaka 2000. Waligundua kwamba mashapo ya kale kabisa waliyoyapima yalifukiwa zaidi ya miaka 10,000 iliyopita, wakati hali ya hewa ya dunia ilipokuwa ikibadilika mwishoni mwa enzi ya barafu. Wakati huo hapakuwa na ng'ombe wala jembe katika nchi hii. Kisha likaja tabaka jingine ambalo lilianza kukusanyika takriban miaka 900 iliyopita, na hilo watafiti wanalihusisha na watu: kufyeka misitu na kulima.

Basi tuna majibu mawili kwa pamoja. Milima ya Irangi ni nchi ambayo maumbile yenyewe yameielekeza kwenye mmomonyoko. Na mkono wa mwanadamu umo humo, lakini umekuwamo kwa karne nyingi, si tangu jana. Ninapowaeleza wanafunzi jambo hili wengine hufurahi, wakidhani nimewafutia watu hatia. Sivyo. Mtu aliye na kidonda akipigwa kofi penye kidonda, kofi lile si dogo kwa sababu kidonda kilikuwapo.

Kuanzia ukoloni hadi HADO

Katika karne ya 19 Kondoa ilikuwa kituo cha misafara ya biashara, na vinywa vya wapagazi vilihitaji chakula. Watu wa Irangi walikaa kwa wingi milimani, kwani nyanda za chini zilikuwa na mbung'o, mdudu asiyewaruhusu ng'ombe kuishi. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ya Waingereza ilianza kufyeka mapori ili kumfukuza mbung'o na kufungua nchi mpya ya kukaa. Katika miaka ya 1940 baadhi ya watu walihamishwa kutoka sehemu zilizoharibika, na kazi za lazima za kuchimba makinga maji zikaanzishwa. Watu walizichukia. Hali kama hiyo ilikuwapo kwingine pia. Huko Uluguru amri ya kuchimba matuta ilileta ghasia mwaka 1955, na baada ya uhuru matuta mengi ya namna hiyo yaliachwa yabomoke, kwa kuwa yalinuka ukoloni.

Mwaka 1973 serikali ya Tanzania, kwa msaada wa Swideni, ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ujulikanao kwa kifupi kama HADO. Katika miaka ya mwanzo mradi ulitumia mitambo kuchimba makinga maji kwa kufuata kontua, ukaanzisha vitalu vya miti na kuziba baadhi ya makorongo. Mafanikio yalikuwa madogo. Mifugo ilikanyaga kingo na kula miche. Ndipo mwaka 1979 ikatolewa amri ambayo haikuwa na mfano wake katika nchi: mifugo yote iondoke katika eneo lililoharibika sana, lenye ukubwa wa kilomita za mraba 1,256. Ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda, ambao hesabu yao hutajwa kuwa kati ya 85,000 na 90,000, walitolewa. Watu walibaki.

Matokeo katika ardhi yalikuja upesi kuliko wataalamu walivyotazamia. Katika miaka michache nyasi zilirudi, kisha vichaka, kisha miyombo ikachipua kutoka mashina yaliyodhaniwa yamekufa. Michirizi midogo ilifungwa na majani. Na huko mabondeni likatokea jambo ambalo nalipenda sana kulifundisha, kwa kuwa mtu asiyejua kanuni za mito angelielewa kinyume. Mito iliyokuwa mipana na imejaa mchanga ilianza kuchimba vitanda vyake na kuwa myembamba. Mtazamaji angesema mmomonyoko umeongezeka: tazama, mto unachimba! Kumbe sababu ilikuwa kupungua kwa mmomonyoko milimani. Mto una nguvu ya kubeba kiasi fulani cha mashapo. Ukiletewa mengi kuliko uwezo wake huyatua, na kitanda hupanda na kutanuka. Ukiletewa machache hubaki na nguvu ya ziada, nao huitumia kuchimba kile kilicho chini yake. Kando ya mikondo hiyo mipya mchanga wa zamani ulibaki mkavu juu, unyevu chini, na wakulima wakauingia kwa majembe yao. Sehemu ambazo zilikuwa mto usiofaa chochote zikawa mashamba.

Hata hivyo, hayo ni hesabu ya upande mmoja wa daftari. Mfugaji aliyetoa ng'ombe wake hakupoteza nyama tu. Alipoteza maziwa ya watoto, samadi ya shamba, wanyama wa kulima na wa kubeba mizigo, na akiba ya siku ya ugonjwa au ya mahari. Wengi waliwapeleka ng'ombe kwa ndugu na marafiki katika nyanda za chini, na huko ardhi ikapata mzigo ambao milima ilitua. Waliokamatwa wakichunga ndani ya eneo walitozwa faini. Inaelezwa katika vitabu vingi kwamba mradi ulifaulu. Neno hilo huwa la kweli au la uongo kwa kutegemea ulisimama wapi, kwenye ukingo wa korongo au mlangoni pa zizi tupu. Mimi binafsi naamini kwamba bila kuondoa mifugo mwaka ule ardhi isingepona upesi hivyo. Naamini vilevile kwamba watu wangeulizwa kwanza, na kwamba ufugaji wa ndani, ambao ulianza kuruhusiwa miaka kumi baadaye, mwaka 1989, ungeweza kuandaliwa mapema zaidi. Makosa hayo si ya sayansi ya udongo. Lakini wanasayansi walikaa kimya, na kimya chao kilihesabiwa kuwa ni kukubali.

HADO ilikwisha katikati ya miaka ya 1990. Udhibiti ukalegea, na mifugo ikaanza kurejea sehemu kwa sehemu. Kinachostahili kutazamwa kwa uangalifu ni kwamba nchi haikurudi ilikokuwa mwaka 1972, ingawa watu wameongezeka sana. Wakulima wengi wamejifunza kupanda majani ya tembo na ya makarikari katika kingo za mashamba, kukata majani na kumpelekea ng'ombe zizini, na kutumia samadi. Makorongo makubwa, bila shaka, yangalipo. Korongo likiota majani huacha kukua, lakini halijazwi. Udongo uliotoka humo uko bondeni, na mwamba huhitaji karne nyingi kutengeneza sentimita chache za udongo mpya.

Mkoa wa Shinyanga ulifuata njia nyingine. Mradi wake wa hifadhi ya ardhi, HASHI, ulioanza mwaka 1986, haukuwafukuza ng'ombe, bali uliifufua desturi ya Wasukuma ya ngitili, yaani kutenga malisho yasiguswe wakati wa mvua ili yatumiwe wakati wa kiangazi. Ulinganisho wa mikoa hii miwili wastahili makala yake peke yake, kwani ardhi, watu na mvua zao si za namna moja.

Kupima shuleni

Si lazima shule iwe Kondoa ili wanafunzi wapime mmomonyoko. Njia rahisi kuliko zote ni kutumia miti. Mti unapopandwa, shingo ya mizizi yake huwa sawasawa na uso wa ardhi. Udongo ukiondoka, mizizi hubaki wazi. Wanafunzi watafute miti au ua wa minyaa ambao mwaka wake wa kupandwa unajulikana. Kumbukumbu za shule au mzee wa jirani wataweza kuueleza. Kuhesabu mizunguko ndani ya shina, kama wafanyavyo katika nchi zenye majira ya baridi, hakutegemeki kwetu. Tuseme mti ulipandwa mwaka 1985, na mwaka 2025 mizizi iko wazi kwa sentimita 40. Sentimita 40 kwa miaka 40 ni sentimita moja kwa mwaka, sawa na kipande cha Mpwapwa kilichoachwa uchi. Yabidi kujihadhari na njia za miguu na mahali mbuzi wanapolala, ambapo ardhi huchimbika kwa kwato na si kwa maji. Na ni vizuri kupima miti kumi au zaidi, kwani mmoja hudanganya.

Njia ya pili ni ya polepole lakini ni ya hakika zaidi. Vipande vya nondo vyenye urefu wa sentimita 60 vipigwe ardhini katika mstari kutoka juu ya mtelemko hadi chini, kimoja kila mita tano, na juu ya ardhi ziachwe sentimita 10 kamili. Kila mwisho wa mvua wanafunzi wapime sehemu iliyo wazi. Watagundua kwamba nondo za juu zinazidi kuonekana na za chini zinafukiwa, na hapo watakuwa wameona kwa macho yao tofauti kati ya kipande na mlima niliyoieleza. Karibu na kichwa cha korongo nondo zisipigwe ukingoni, kwa sababu zitaanguka pamoja na ukingo, na pengine na mwanafunzi. Ziwekwe mita tano nyuma, na kila mwaka upimwe umbali uliosalia. Daftari moja litunzwe na mwalimu wa jiografia na kukabidhiwa kwa kila atakayemfuata, maana tarakimu za mwaka mmoja hazisemi kitu. Kipimo cha kwanza kichukuliwe mwezi Oktoba, kabla ya mvua ya kwanza kunyesha.